Nimesomea hoteli, nimeitwa kazi ya jukwaani. Niende?

mhitimu_wa_ukumbini:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Nina shahada ya uongozi wa hoteli na ukarimu. Tangu nimalize chuo nimefanya kazi miaka mitatu katika idara ya kumbi ya hoteli moja kubwa: mikutano, harusi, hafla za makampuni. Kazi yangu ni karatasi ya shughuli. Mteja akishasaini, mimi ndiye ninayehakikisha kila idara imeipata na imeielewa. Jikoni wajue idadi ya sahani, ukumbini wajue viti vinapangwaje, mafundi wajue vipaza sauti vingapi vinahitajika. Nikiikosea karatasi hiyo, watu mia tatu wanaliona kosa langu.

Mwezi uliopita ilikuja kampuni ya mitambo kufunga jukwaa ukumbini kwetu. Nilikuwa nao tangu gari la kwanza lilipofunguliwa alfajiri mpaka walipomaliza kupakia saa tisa usiku. Kuna mama mmoja alikaa gizani nyuma ya mapazia, hedseti kichwani, karatasi mbele yake na kitaa kidogo cha kusomea. Anatamka neno moja, taa zote zinabadilika. Anatamka jingine, pazia linafunguka na muziki unaingia. Waliokaa mbele hawakujua hata kama yupo. Sijawahi kuitamani kazi ya mtu kiasi kile.

Wiki iliyopita msimamizi wao amenipigia. Wanatafuta msaidizi wa meneja wa jukwaa, malipo ni ya shoo kwa shoo. Nyumbani hawataki hata kulisikia jambo hili. Mama anasema hakunisomesha miaka yote ile ili nikabebe nyaya. Bosi naye, aliposikia, ameniahidi cheo.

Ninachotaka kujua: shahada yangu ina kazi huko au naanza sifuri? Nijifunze nini kabla ya kwenda? Na je, mtu akifika miaka arobaini bado ana maisha kwenye kazi hii?

mzee_wa_mapokezi:

Binti yangu, nimekaa kwenye hoteli miaka ishirini na sita na nitakwambia ninachoamini. Chukua hicho cheo. Hotelini una mshahara wa mwezi, una likizo, una bima, na ukiugua kuna mtu wa kukaa kwenye zamu yako. Kazi ya shoo kwa shoo haikujui ukiwa kitandani. Nimewaona vijana wazuri wameondoka kwa kuvutiwa na taa, baada ya miaka miwili wanarudi kuomba nafasi ileile waliyoiacha, na ina mtu.

Sisemi kazi hiyo haina heshima. Nasema uliyoyaona ni ya usiku mmoja tu. Hukuona wiki tatu za kukaa nyumbani bila simu kuita.

MamaHedseti:

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mimi nimesomea ukarimu kama wewe, nikafanya mapokezi mwaka mmoja na kumbi miaka miwili, na huu ni mwaka wa kumi na tatu nipo nyuma ya mapazia. Natimiza arobaini mwaka huu, kwa hiyo hata swali lako la mwisho linanihusu. Nitaandika kwa urefu, nivumilie.

Mzee hapo juu ana haki kwa habari ya simu isiyoita, na nitalirudia hilo. Lakini kwanza mama yako. Mwambie ukweli kwamba nyaya utabeba. Mimi nilibeba mwaka mzima. Kukunja waya wa sauti kuna namna yake: duara la kwanza unalilaza kawaida, linalofuata unaligeuza kwa ndani, hivyo hivyo kwa kupokezana, ili siku ya kuutandika ukirushwa ufunguke wote bila kujisokota. Fundi mmoja mtu mzima alinifundisha usiku wa manane, tumekaa kwenye ngazi za jukwaa na wote tumechoka. Mara tano aliufungua waya niliokunja, akanirudishia bila kusema neno. Mara ya sita aliutundika begani kwake akaenda nao garini. Kuanzia usiku ule mafundi wakawa wananiita kwa jina langu, si "yule dada wa hoteli".

Ulivyoogopa kuanza sifuri, usiogope. Unalijua dirisha la jikoni, pale sahani zinapotokea. Anasimama mtu mmoja tu, anazisoma oda kwa sauti na wapishi wote wanamwitikia. Hata mpishi mwenye jina kubwa haiti, anaitikia. Chuoni tulifundishwa kwamba mpangilio ule wa vyeo vya jikoni ulisukwa na Mfaransa Escoffier mwishoni mwa karne ya 19. Basi yule mama uliyemwona gizani, meneja wa jukwaa, ndiye mtu wa dirishani. Anasema, "Taa 42, jiandae," yaani badiliko la taa namba 42 kwenye ratiba. Fundi taa anajibu, "Tayari." Kisha anasema, "Taa 42, nenda." Neno "nenda" linakaa mwisho siku zote kwa sababu kidole cha fundi kiko juu ya kitufe kikilisubiri, na akilisikia hafikirii tena, anabonyeza. Kwa hiyo kwenye hedseti neno hilo halitumiki kwa jambo lingine lolote. Nikitaka mtu aende mlango wa kushoto namwambia "sogea kushoto". Na pale ambapo hedseti haifiki, tunaweka kitaa: nyekundu ni jiandae, kijani ni fanya.

Karatasi yako ya shughuli ndiyo ratiba ya shoo. Tofauti ni kwamba hotelini tunahesabu kwa robo saa, huku tunahesabu kwa sekunde. Mtu aliyezoea kuuliza "umeipata? umeielewa? nisomee ulichoandika" tayari ana nusu ya kazi hii mikononi. Mafundi wengi hodari ninaowajua wanaumwa na karatasi. Wewe huumwi nayo.

Sasa nikwambie pale ambapo masomo yetu yaliniumiza.

Tulilelewa kwamba mgeni haambiwi hapana. Akiomba, jibu ni "hakuna shida", halafu ukishampa kisogo ndipo unatafuta utalifanyaje. Mwaka wangu wa pili kwenye jukwaa tulikuwa na mkutano wa kampuni, watu kama mia sita. Saa moja kabla ya milango kufunguliwa, kijana wa chai alinifuata mbio. Soketi za koridoni hazina umeme, anaomba achomeke majagi mawili makubwa ya kuchemshia maji nyuma ya jukwaa. Nikamjibu hakuna shida. Nikamwonyesha soketi kwa kidole, nikaendelea na mambo yangu. Fundi umeme alikuwa hatua kumi kutoka nilipo.

Kila jagi lilikuwa la kilowati 3. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama ampea 13 kwa moja, 26 kwa mawili. Ile njia ya umeme ilikuwa ya ampea 32 na tayari ilikuwa imebeba miksa na amplifaya zote. Majagi yakachemka mapema, yakajizima yenyewe, hakuna aliyeona tatizo. Yakaja kujazwa maji baridi upya kwa ajili ya mapumziko. Wakati huo mkurugenzi alikuwa jukwaani akisoma majina ya wafanyakazi waliofariki mwaka ule, taratibu, na familia zao zimekaa safu ya mbele. Alikuwa katikati ya jina pale breka ilipokata umeme.

Spika zilitoa mlio mmoja mzito, kisha kimya. Namwona mpaka leo yule mzee: karatasi mkononi, midomo inacheza, sauti haifiki hata safu ya tatu. Kwenye safu ya mbele mwanamke mmoja alisimama, kana kwamba akisogea atasikia jina lililobaki. Ilichukua dakika nne. Fundi umeme alinikuta nimeganda kando ya majagi. Hakunigombeza. Aliinama akachomoa yote mawili, akaniuliza, "Nani aliruhusu?" Nikasema mimi. Akaniambia, "Siku nyingine sema ngoja."

Hilo ndilo somo langu la miaka yote iliyofuata. Si hapana, ni ngoja. "Ngoja nimuulize fundi umeme." "Ngoja aliyefunga paa aniambie kama linabeba skrini nyingine." "Ngoja, kwa nini hizi meza zimekaa mbele ya mlango wa dharura?" Mteja atakunja uso. Wewe umesomeshwa miaka mitatu kuziondoa nyuso za namna hiyo, kwa hiyo mwili wako wote utataka kumkubalia. Huko uendako kuna saa ambapo kumkubalia ni kumdhuru, yeye na wote waliokaa chini ya jukwaa lako.

Siongezi chumvi. Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana kule Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa juu ya watu waliokuwa wakisubiri shoo ianze. Walikufa watu 7. Wachunguzi walikuta kwamba paa halikuwa imara inavyotakiwa, na walikuta jambo la pili ambalo mimi ndilo linaloninyima usingizi: haikuwa wazi ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuahirisha shoo. Mawingu yanaonekana, watu wazima wenye uzoefu wapo, na neno "simama" halina mwenyewe. Mwaka 2000 kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, watu 9 walikufa kwa msongamano mbele ya jukwaa muziki ukipigwa. Sisi tuliosomea wageni tunajua kumtazama mgeni usoni. Simama pembeni ya jukwaa, watazame wa safu za mbele. Kama watu wanapepesuka kama wimbi, wote kwa pamoja, bila wao kutaka, hapo nafasi imekwisha na anayeshika hedseti lazima aambiwe sekunde hiyohiyo.

Kwa hiyo ukifika siku ya kwanza, kabla hujauliza malipo, uliza hivi: nani hapa ana haki ya kuisimamisha shoo, na jina lake limeandikwa wapi? Kama hakuna jina, usipande.

Kujifunza kabla ya kwenda: umeme. Sikwambii uwe fundi. Jua wati, volti na ampea, jua kugawanya wati kwa volti, ujue njia ipi inalisha kitu gani. Nilivyokwambia ya majagi ni hesabu ya darasa la saba, na hakuna aliyenifundisha chuoni. Jua pia kusoma mchoro wa ukumbi wenye vipimo. Mengine utayapata kwa kuuliza.

Maisha sasa. Mzee amesema kweli. Mwaka 2020 mikusanyiko ilipozuiwa, simu yangu haikuita miezi mingi. Nilijishikiza kwenye vipindi vya kurusha moja kwa moja mtandaoni, kwa sababu hata kule alihitajika mtu wa kuhesabu sekunde, na ndivyo nilivyopita. Kwa hiyo usipeleke barua ya kuacha kazi leo. Omba likizo au tumia siku zako za mapumziko, nenda nao shoo moja, na nenda ile sehemu ambayo hakuna anayeitamani: kufungua mitambo na kupakia. Ukifika saa tisa usiku, jasho limekauka mgongoni, na bado unataka kujua ile trasi, fremu ya kutundikia taa, ilishikwaje juu, basi nenda. Ukijikuta unawaza kitanda tu, cheo cha bosi kinakusubiri na hakina aibu yoyote.

Na mkataba uwe wa maandishi hata kama ni wa siku moja. Siku ya kazi inahesabiwa tangu gari linapofunguliwa mpaka linapofungwa, si tangu wageni wanapoingia. Andika saa za kupumzika kati ya shoo na shoo. Niliwahi kuendesha gari nyumbani baada ya saa ishirini za kazi, nikashtuka niko pembeni ya barabara na sikumbuki nilivyofika pale. Sijarudia.

fundi_sauti_mkongwe:

Dada amemaliza ya umeme, mimi niongeze matatu ya upande wangu.

La kwanza masikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unagawanyika nusu. Kwa hesabu hiyo 88 ni saa 4, na 100 ni dakika 15 tu. Pembeni ya jukwaa la muziki mkubwa 100 ni jambo la kawaida. Nunua vizibo vya masikio vizuri kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mimi nilianza kuvaa nimechelewa, na sasa nikiingia chumba kimya nasikia filimbi ambayo haipo.

La pili, ninyi watu wa hoteli mna mkono mwepesi wa kuhamisha viti. Ukihamisha, niambie. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, maana yake mtu aliyekaa mita 34 kutoka jukwaani anaisikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Ndiyo maana spika za nyuma tunazichelewesha makusudi, kwa hesabu, ili zilingane na zile za mbele. Ukinisogezea spika ile mita kumi ili kupisha meza ya keki, hesabu yangu imekufa na watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Watasema fundi mbovu.

La tatu, uusome mkataba wa msanii mpaka mwisho. Wakiona umetoka hotelini watakupa ukurasa wa chumba cha kubadilishia nguo, maji na taulo. Omba kurasa zote. Bendi ya Marekani, Van Halen, kwenye mkataba wa ziara yao ya 1982 waliweka sharti la peremende za M&M's zisizo na hata moja ya rangi ya kahawia. Watu waliona ni kiburi cha wasanii. Mwimbaji wao David Lee Roth alikuja kueleza kwamba ulikuwa mtego: akiingia chumbani akiikuta ya kahawia, anajua mkataba haukusomwa, basi anaagiza uzito na umeme wa jukwaa ukaguliwe upya wote. Wewe ndiye utakayepewa bakuli lile. Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kujua kama kurasa nyingine zimesomwa.

mzee_wa_mapokezi:

Nimesoma ya MamaHedseti. Habari ya majina yaliyokatika imenigusa, nimewahi kusimama kwenye hafla kama hiyo. Msimamo wangu kuhusu mshahara haujabadilika, lakini ushauri wa kwenda shoo moja kwa siku zako mwenyewe naukubali. Binti, ukienda, usimfiche bosi wako.

mhitimu_wa_ukumbini:

Nimerudi wakuu. Asanteni kwa kunichukulia kwa uzito.

Bosi nimemwambia. Hakufurahi ila alinipa siku mbili. Nimekwenda nao Jumamosi, jukwaa la nje. Waya wangu wa kwanza ulirudishwa mara nne.

Swali la dada niliuliza nilipofika tu, kabla ya kuuliza malipo. Nilimwuliza msimamizi nani ana haki ya kuisimamisha shoo. Akasema "sote tunaangaliana." Nikamwuliza limeandikwa wapi. Alinitazama muda, nikahisi nimeharibu. Kisha akaichukua ratiba yangu, akageuza, akaandika jina lake nyuma na namba ya chaneli ya hedseti, chini yake akaandika jina la fundi aliyefunga paa. Akaniambia niinakili kwenye karatasi za wote kabla ya milango kufunguliwa. Nilinakili ishirini na mbili kwa mkono.

Tulimaliza kupakia karibu saa kumi alfajiri. Nilikuwa na macho mazito lakini nilikaa kumwuliza yule fundi wa paa jinsi zile mota za mnyororo za kuinulia paa zinavyopandishwa kwa pamoja bila upande mmoja kutangulia. Alinichorea kwenye ubao wa kasha.

Mama sijamwambia bado. Wamenipa shoo nyingine wiki mbili zijazo, ya ndani, na safari hii nitakaa karibu na meneja wa jukwaa nikishika nakala ya ratiba. Dada, nikija kukosa mstari nikiwa kwenye hedseti, nasema au nanyamaza nitafute mwenyewe?

MamaHedseti:

Unasema. "Nimepotea, niko ukurasa wa sita." Atakurudisha kwa maneno mawili na wala hatakasirika, kwa sababu yeye anahitaji kujua macho yako yako wapi. Ila usiseme akiwa tayari ametoa "jiandae". Subiri "nenda" ipite, ndipo useme.

Na andika kwa penseli. Ratiba itabadilika mara saba kabla ya milango kufunguliwa.